Pumzi ya Jiwe

Vumbi jeupe lina uaminifu wake. Hukaa kwenye kope, hukaa kwenye mikunjo ya shingo, hukaa chini ya kucha hata uzisugue vipi. Miaka yote ya ndoa yake mchomaji chokaa alilala nalo na kuamka nalo, na mumewe akawa anamtania kwamba yeye alioa mke mmoja tu, ila ukoo ukamwongezea mzimu. Akipita dukani watu walijua kapita. Kila mlango aliousukuma ulibaki na alama ya kiganja chake.

Mwaka ule vumbi likamwacha.

Halikuaga. Siku moja tu aliitazama mikono yake akaiona ilivyo: ya kahawia, iliyopasuka, safi kama mikono ya mtu asiye na kazi. Ua mzima ulikuwa mweusi kwa masizi, mweusi ukutani, mweusi kwenye kizingiti, mweusi hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Na katikati ya weusi ule tanuri lilisimama kimya, pana kiunoni, jembamba shingoni, kama mtungi aliousahau jitu.

Baba mkwe wake alilijenga ujanani, jiwe kwa jiwe. Mumewe akalirithi. Mumewe alipoondoka, kwa homa iliyomla upesi kama nyasi kavu, moto ukabaki mikononi mwake yeye. Hakuna aliyempa, hakuna aliyemnyang'anya. Alifunga kitambaa kichwani, akapanga kuni, akapanga mawe, kuni tena, mawe tena, kama walivyokuwa wakipanga wawili, akawasha.

Na jiwe likabaki jiwe.

Chokaa ya kweli huijui kwa macho, huijua kwa maji. Chukua donge lililoiva, limwagie kikombe kimoja tu: litalia, litapasuka, litachemka bila moto chini yake, litatoa mvuke na joto la kumfanya mtu arudi nyuma. Lake yeye alilimwagia maji yakateleza na kwenda zake, kama maji juu ya jani la mgomba. Lilikuwa zito vilevile, gumu vilevile, na juu yake limepata masizi. Alilichoma siku na usiku, na yote aliyoyapata ni jiwe chafu.

Akachoma mara ya pili. Safari hii aliongeza kuni, akakanda udongo, akaziba kila ufa uliotoa moshi, akaziba hata nyufa zisizokuwepo. Akachoma mara ya tatu, akaziba zaidi. Macho yalimwuma, kifua kilimbana, jasho lilimchora mistari usoni.

Na jiwe likabaki jiwe.

Mtaa hauna siri na moshi hauna adabu. Kila aliyeuona ukipanda alijua kesho yake kama kuna chokaa au hakuna. Wakaanza kusema tanuri limesusa. Wengine wakasema limemsusia mjane. Wengine hawakusema kitu, wakapunguza salamu, na hilo ndilo lililouma.

Jirani na hapo, zahanati ilikuwa inajengewa wodi ya watoto. Mwashi aliyeisimamia kazi ile, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alitaka kuta za chokaa na si kitu kingine, maana wodi ya zamani ilikuwa na ukungu kila kona na watoto walikuwa wanaingia na homa wanatoka na kikohozi. Ukuta wa chokaa, alisema, haushiki unyevu, unapumua. Lakini siku alipokuja kuuliza mzigo wake akakuta mawe meusi, alisimama kitambo akizungusha kofia yake mikononi.

"Nitakungoja mpaka paa likamilike, mama," alisema. "Paa likikamilika nitapaka nitakachokipata. Wagonjwa hawangoji."

Jioni hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kukaa naye kwenye kizingiti. Huyu alijulikana kwa jina la Mipango, kwa sababu haikupita siku akakosa mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Mvua kubwa za baada ya msiba zilipolitia nyufa tanuri, ni yeye aliyelikarabati kwa mikono yake bila kuombwa. Sasa alikuwa na mpango wa kulibomoa na kufyatulia matofali ya saruji palepale uani.

"Shemeji, mimi sikufukuzi," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Ila tujiulize. Tanuri likifa, wewe hapa unabaki kwa jina gani?"

Mchomaji hakuwa na mtoto wa kumshika mkono na kusema, kwa jina la huyu. Alikuwa na baba mkwe ambaye yeye ndiye aliyempikia uji na kumwongoza hadi msalani kwa kuwa macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga kidogo tu. Alikuwa na kazi. Na kazi ilikuwa imemgeuzia kisogo.

Ndipo shule zikafungwa, na wifi yake akaja.

Wifi huyu alifundisha kemia, na wanafunzi walimpa jina la Mizani kwa sababu, walisema, hawezi kulala akijua kuna mlinganyo haujasawazishwa mahali fulani duniani. Tangu siku ya harusi wao wawili walikuwa wakitazamana kama paka wawili kwenye jiko moja: hawapigani, hawakaribiani. Mwalimu aliingia na mkoba wake mmoja, akamsalimu baba yake, akapita uani, akaokota jiwe jeusi, akalipima kiganjani.

"Hili umelipika, wifi, au umelipasha?"

"Kama unajua kupika," alijibu mchomaji, "jiko hilo hapo."

Mwalimu akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyekamatwa. Akaketi juu ya gogo, jiwe mapajani, masizi kwenye gauni lake la safari, akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza tangu msiba.

"Niambie ulivyofanya. Taratibu. Kila kitu."

Akamwambia. Na kuambia huko kulikuwa kama kutua mzigo ambao mtu ameubeba hadi akasahau kwamba ni mzigo.

Walipomaliza, mwalimu aliomba vikombe viwili vya bati na maji. Katika cha kwanza alitia kipande cha chokaa kutoka kwenye kopo la marehemu lililofungwa barabara, chokaa ya zamani ile njema. Maji yakanguruma, kikombe kikawa cha moto, hakishikiki. Katika cha pili alitia mbolea nyeupe ya chengachenga waliyokuwa nayo stoo, ile ya bustani, akaikoroga kwa kijiti.

"Shika."

Mchomaji alikishika, akashtuka. Kikombe kilikuwa baridi. Kilizidi kuwa baridi mkononi mwake, kikatoa jasho kwa nje kama kilichotoka kisimani alfajiri, na chenga zikayeyuka zote bila mtu kuzilazimisha.

"Hicho cha kwanza kimetoa joto," mwalimu alisema, "na kimekwenda chenyewe. Hicho cha pili kimenyonya joto, na nacho kimekwenda chenyewe. Sasa niambie, wifi: kama vitu hupenda kutoa joto na kutulia, hiki cha baridi kimetumwa na nani?"

Lilikuwa swali la darasani, lakini pale, kati ya kuta za masizi, lilikuwa swali la nyumba.

Kila badiliko, mwalimu alieleza, lina wavutaji wawili. Wa kwanza anaitwa enthalpi. Huyu ndiye mhesabu joto: anataka vitu vishuke, vishikane, vitue joto lao, vipumzike. Maji hufuata mkondo. Ndivyo alivyo huyu. Wa pili anaitwa entropi. Huyu hataki kushuka, anataka kutawanyika: anataka nafasi, anataka njia nyingi za kukaa, anataka kilichofungwa kifunguke na kilichopangwa kizagae.

"Huyo namjua," mchomaji alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Mwalimu akamtazama kama aliyemwona kwa mara ya kwanza. "Nitawaambia wanafunzi wangu hivyo," alisema. "Nimehangaika na huyo miaka."

Wavutaji hawa wakikubaliana, hakuna mabishano. Kuni zinaungua: joto linatoka, moshi unatawanyika, wote wawili wamefurahi, kuni zinangoja kiberiti tu, zikishaanza hazihitaji wa kuzisukuma. Na wakikataa wote wawili, basi. Moshi na majivu havitajikusanya na kurudi kuwa gogo, hata uvikalishe kitako na kuvibembeleza. Mambo ni magumu wanapovutana. Mbolea ile ya kikombe ilivutwa nyuma na wa kwanza, ikavutwa mbele na wa pili, na wa pili akashinda.

"Na jiwe?"

Mwalimu akalinyanyua lile jiwe jeusi kama mtu anyanyuaye mtoto wa mwenzake, kwa uangalifu.

Ndani ya jiwe la chokaa, alisema, mna hewa. Si hewa ya matundu. Ni hewa iliyofungwa, iliyoshikamana na chokaa tangu bahari za kale, ile ile tunayoitoa puani tukipumua. Jiwe ni chokaa iliyobana pumzi. Wa kwanza anasema, kaa, usiachie, kuachia ni gharama ya joto jingi. Wa pili anasema, achia, nje kuna mbingu nzima ya kuzungukia. Wanavutana. Na anayeamua ni joto la tanuri. Joto likipanda, wa kwanza haongezewi neno, anasema vilevile alivyosema jana. Ila wa pili anaongezewa sauti. Kila joto linapopanda, sauti inapanda. Moto ukiwa mdogo, wa pili ananong'ona, na jiwe linabaki jiwe. Moto ukipita kiasi chake, wa pili ananguruma, na jiwe linaachia. Baada ya hapo hulisukumi. Linakwenda kwa hiari yake.

Miaka yote mchomaji aliamini kwamba moto hulishinda jiwe kwa nguvu, kama ngumi. Kumbe moto ulikuwa unampa mfungwa sauti.

"Basi moto wangu haufiki," alisema mwishowe. "Haupiti wekundu. Wekundu wa pilipili iliyoiva, hapo unasimama. Zamani ulifika rangi ya ganda la chungwa, na siku njema ukaikaribia rangi ya kiini cha yai. Naongeza kuni, wekundu ule ule. Naziba, wekundu ule ule. Tena nikiziba zaidi ndio unazidi kufifia."

"Ongeza kuni zaidi."

"Kuni zimebaki rundo moja, wifi. Na si kuni." Alikuwa amesimama, amelizunguka tanuri, kiganja chake kikifuata udongo aliouziba mwenyewe, tabaka juu ya tabaka. "Nijibu wewe sasa. Hiyo pumzi ya jiwe, ikishatoka, inakwenda wapi?"

Mwalimu akatazama juu, kwenye shingo ya tanuri, mahali ambapo baada ya mvua kubwa tundu lilipunguzwa hadi likatosha kupitisha kichwa cha mbuzi na si zaidi. Akatazama chini, kwenye matundu ya pembeni yaliyozibwa yote kwa udongo, laini, nadhifu, kazi ya mikono yenye bidii.

"Haiendi," alisema taratibu. "Haiendi popote. Inajaa humo humo. Jiwe likiitema, linaimeza tena."

"Na moto nao unakosa hewa."

"Na moto nao unakosa hewa."

Wakatazamana. Kisha mchomaji akaanza kucheka, kicheko cha ndani kabisa, kilichomtoka kwa mara ya kwanza tangu avae nguo za msiba, na wifi yake akacheka naye hadi akajishika ubavu, na yule mzee ndani ya nyumba akauliza kwa sauti kuna nini huko uani na chai yake iko wapi.

"Tumemziba pua," mchomaji alisema akijifuta machozi, "halafu tunamuuliza mbona hapumui."

Lakini kucheka ni jambo moja na kufungua ni jingine. Tanuri wazi hula kuni kama tembo. Rundo lililobaki lilikuwa moja, na lisipotosha hapatakuwa na jingine, na hapatakuwa na tanuri. Neno la mwisho lilikuwa la baba mkwe. Wakaenda wakaketi mbele yake barazani, mchomaji, mwalimu, na Mipango aliyeitwa kutoka kwake.

Mwalimu alieleza kwa ufasaha. Mzee alisikiliza, akanywa chai, akasema imepoa. Kisha akageuza uso wake usioona vizuri upande wa mkwewe.

"Huyu amesoma, amesema yake. Wewe uliyekaa na moto, umeona nini?"

"Nimeona rangi, baba. Moto ulikuwa unaomba hewa, na mimi nikawa nauzibia. Nilidhani nautunza."

Kila mtu pale alijua ni nani aliyelibana tundu la juu. Mipango alikuwa akisugua magoti yake kwa viganja, mbele nyuma, mbele nyuma.

"Nilidhani naokoa joto lisitoroke," alisema. "Niliona kuni zinakwisha, kaka hayupo. Nikasema angalau joto lisitoroke."

"Hata mimi nilidhani hivyo, shemeji," mchomaji alimwambia. "Udongo wa pembeni nimeukandika kwa mikono hii."

Mzee aliweka kikombe chini. "Fungueni," alisema.

Aliyeinuka wa kwanza alikuwa Mipango. Alikwenda stoo akarudi na mtaimbo, akapanda juu ya tanuri, akaanza kuivunja kazi yake mwenyewe. Alivunja, udongo ukidondoka vipande vipande, hadi shingo ikawa pana kama alivyoiacha kaka yake. Chini, wanawake wawili walikuwa wakizibua matundu kwa fimbo za chuma, na kwa kila tundu lililofunguka upepo uliingia ukapiga mluzi mdogo, kama mtu anayejaribu midomo yake baada ya kimya kirefu.

Wakayaponda mawe yawe madogo, joto liyafikie hadi moyoni. Wakapanga, kuni, mawe, kuni, mawe. Alfajiri, umande ukingali kwenye nyasi, mchomaji alipiga kiberiti.

Moto haukusita. Ulishika kuni za chini, ukavuta hewa kupitia matundu kwa pupa, ukavuta kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na sauti yake ikabadilika. Zamani ilikuwa sauti ya kuguna. Sasa ulinguruma. Ardhi chini ya nyayo zao ilitetemeka kidogo, vifuniko vya sufuria jikoni vikatikisika, majirani wakatoka milangoni, na moshi, ule moshi mzito uliowachafulia nguo mwaka mzima, ukawa mwembamba, ukawa wa kijivu, ukawa si kitu, ukawa mtetemo tu wa hewa juu ya shingo pana.

Akachungulia kwenye tundu la chini. Wekundu wa damu. Akangoja. Wekundu wa pilipili. Hapo, hapo ndipo uliposimama kila mara, na moyo wake nao ukasimama hapo. Hakuomba. Alitazama tu, uso ukimchoma, kope zikikauka, akiutazama wekundu ule kama mtu atazamaye mlango wa chumba cha mgonjwa.

Wekundu ukapauka. Ukaingia uchungwa. Uchungwa ukashika ukingoni, ukaenea kati, ukapanda jiwe kwa jiwe, tabaka kwa tabaka, hadi tumbo zima la tanuri likawa ganda la chungwa linalowaka, na bado rangi ilikuwa inapanda.

"Wifi," aliita, sauti yake tulivu kuliko alivyotegemea. "Njoo uone sauti ya huyo wa pili wako."

Mwalimu alikuja akachungulia. Alikuwa ameiandika habari hii ubaoni mara nyingi kuliko anavyokumbuka, kwa chaki, ambayo nayo ni ndugu wa jiwe hili, na hajawahi kuiona ikitokea. Alitazama hadi macho yakamtoka machozi, na alisema ni kwa sababu ya joto. Akawakataza wote wasiinamie shingo ya juu, maana pumzi ya jiwe haina rangi wala harufu lakini humlaza mtu. Huko juu ilikuwa inatoka. Hawakuiona. Iliyofungwa tangu bahari za kale ilikuwa inatoka, ikipanda na mwali, ikitawanyika juu ya mapaa, juu ya nyaya za umeme, juu ya wodi isiyo na rangi, ikienda kuizungukia mbingu yake nzima.

Walichochea kwa zamu mchana na usiku. Mipango alikata, mwalimu alibeba, mchomaji alisoma rangi na kutamka: sasa, bado, sasa. Kuni za mwisho ziliingia jua likiwa limechomoza tena. Kisha hapakuwa na la kufanya ila kungoja tanuri lipoe, na kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kuchochea. Kila mmoja alipata kisingizio cha kupita uani.

Siku lilipopoa, hakutaka mtu mwingine aingize mkono. Alivua kitambaa cha kichwani akakizungusha kiganjani, akainama, akashika donge la kwanza, akavuta.

Alikuwa amejiandaa kwa uzito. Misuli yake yote ya bega ilikuwa imejikaza kwa uzito ule wa kila mara. Donge likatoka na mkono wake ukaruka juu wenyewe, karibu mtupu, kama mtu aliyenyanyua mtungi akidhani umejaa. Lilikuwa na umbo lile lile la jiwe, ukubwa ule ule wa jiwe, na lilikuwa jepesi kama mkate mkavu. Na lilikuwa jeupe.

Alimpa wifi yake. Wifi akalipima kiganjani, akampa Mipango. Mipango akalipima, akalipeleka barazani, akaliweka kwenye mikono ya baba yake.

Mzee alilishika. Alilipapasa kwa vidole gumba pande zote. "Leteni maji," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kijana aliyejenga tanuri.

Wakaliweka kwenye karai la chuma mbele yake, wakamsogeza nyuma kidogo, na mchomaji akamwaga kikombe kimoja. Kwa kitambo kifupi hapakuwa na kitu. Maji yalizama, donge likayanywa yote, likakauka kama halijawahi kuguswa. Kisha likalia. Likapasuka katikati, likapasuka tena, likavimba, likafumuka kama ua, mvuke ukapanda mweupe, maji yakachemka bila moto chini yake, na joto, joto lote lile ambalo jiwe lililikopa tanurini, donge likaanza kulitoa bure, kwa hiari yake, usoni mwa mzee. Aliunyoosha mkono juu ya mvuke akaushikilia pale.

Jiwe likaachia. Jiwe likaachia. Watu waliokuwa mlangoni walisogea ndani, na hakuna aliyewakataza. Mzee alikuwa akicheka bila sauti, mabega yakitikisika, na mchomaji aliketi chini kwenye masizi, miguu ameinyoosha kama mtoto, akaliacha vumbi jeupe limtue kichwani, kwenye kope, kwenye mikunjo ya shingo.

Mwashi alikuja keshoye. Habari ilimfikia kabla ya kifungua kinywa. Paa lilikuwa limebakiza mabati ya upande mmoja. Kwa mazoea alimwendea Mipango, mwanamume aliyesimama karibu, akamuuliza mzigo utakuwa tayari lini na utachomwa mwingine au ndio huo.

Mipango alikuwa na koleo mkononi na chokaa hadi kwenye nyusi. "Mimi hapa kibarua," alisema. "Muulize mwenye tanuri."

Na mwenye tanuri akajibu, akamweleza ni lini, akamweleza chokaa izimwe kwa maji kiasi gani na ilazwe shimoni muda gani kabla ya kuguswa na mwiko. Mwashi akaivua kofia yake kusikiliza.

Wodi ilipokamilika, kabla ya vitanda kuingizwa, wanawake wale wawili walikwenda kuiona. Mwalimu alikuwa na mkoba wake, shule zinafunguliwa. Jua la asubuhi liliingia kwa madirisha mapana, likapiga ukuta mweupe, ukuta ukalirudisha chumba kizima, na hapakuwa na kona moja iliyobaki na giza. Walisimama katika mwanga huo wakiwa karibu hawana vivuli.

"Weka mkono," mwalimu alisema.

Aliuweka. Ukuta ulikuwa wa baridi, mkavu kiganjani.

"Sasa ni zamu ya wa kwanza," mwalimu alisema. "Hapa hakuna moto. Wa pili amerudi kunong'ona, na wa kwanza anasema, rudini mshikane. Chokaa hii inaivuta ile pumzi kutoka hewani, kidogo kidogo, na kila inapoivuta inakuwa jiwe tena. Hakuna wa kuilazimisha."

"Itachukua muda gani?"

"Muda mrefu. Hiari si haraka, wifi. Jambo linaweza kuwa limekubali kwenda na bado likaenda mwendo wa kobe."

Muuguzi aliingia amebeba mashuka, akawasalimu, akauliza kama anaweza kubandika picha za wanyama pale juu, watoto wapate cha kutazama. Mchomaji alimwambia asubiri, asiubandike wala asiupake kitu kwa sasa.

"Kwani bado haujakauka?"

"Umekauka," alisema, kiganja chake kikiwa bado pale, wazi, cheupe juu ya weupe. "Unavuta pumzi."